Pampu Haijui Kulia Wala Kushoto: Namna ya Kumpima Fundi wa Usukani

Hukumu inayotoka haraka kuliko zote katika gereji zetu ni hii: "Bosi, pampu imekufa." Utaisikia Gerezani, Dar es Salaam. Utaisikia Kirinyaga Road, Nairobi, na ukifika soko la Kisekka, Kampala, utaisikia kwa lafudhi nyingine. Mwenye gari kasema usukani umekuwa mzito, fundi kafunua boneti, kaishika pampu, kakunja uso, na kesi imekwisha. Mara nyingine ni kweli, maana pampu nazo hufa. Lakini katika vitu vyote vinavyoweza kuutia uzito usukani wa gari la zamani, pampu ndiyo inayosingiziwa zaidi, kwa sababu inaonekana, inafunguka kwa bolti chache, na dukani ipo. Fundi anayeijua kazi hii huifikia pampu baada ya kupita kwingine kwingi. Mwongozo huu ni wa kumwangalia akiwa njiani: ameanzia wapi, ameuliza nini, ameshika nini, na nini amekiacha kilivyo.

Magari ninayoyasemea ni yale ya oili: Corolla 110, Mark II za GX90 na GX100, Noah ya SR40, Nissan Sunny B14 na wenzao. Kwenye haya, injini huizungusha pampu kwa mkanda, na pampu huisukuma oili kupitia paipu ya presha hadi kwenye raki, kile chuma kirefu kilicholala nyuma ya injini, chini, kinachosukuma magurudumu ya mbele kulia na kushoto. Kwenye shingo ya raki kuna vali, na ndani ya vali mna kijiti cha chuma ambacho hunyongeka kidogo sana unapokata kona. Kunyongeka huko ndiko kunakoifungulia oili njia ya upande unaoutaka. Ikimaliza kazi, oili hurudi kwenye kikopo chake kwa hozi nyingine na kuanza safari upya. Francis Davis, mhandisi wa Marekani, aliuonyesha usukani wa oili kwenye gari la Pierce-Arrow mwaka 1926, ila gari la kwanza la namna hiyo kuuzwa kwa wateja wa kawaida lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951. Msingi haujabadilika sana tangu hapo.

Vitz, IST na Probox hazimo humu. Hizo husaidiwa na mota ya umeme na hazina oili ya usukani hata tone. Fundi akikuambia IST yako imepungukiwa na oili ya usukani, mshukuru, washa gari, ondoka.

Alama ya kwanza ya fundi hodari ni maswali. Boneti ikiwa bado imefungwa, atataka kujua usukani huwa mzito saa ngapi. Ni asubuhi tu, au kutwa nzima? Ni pande zote mbili, au ukikata kulia peke yake? Ni wakati wa kuegesha, au hata gari likiwa mbioni? Mvua ikinyesha inakuwaje? Ulianza ghafla au umekuwa ukizidi taratibu? Na swali ambalo mimi nalithamini kuliko hayo yote: nani aliligusa gari mara ya mwisho, na alifanya nini? Nusu ya magonjwa ya usukani yanayozunguka mjini yalizaliwa gereji.

Kila jibu lina njia yake, na fundi mzuri huzijua njia hizo kwa moyo. Chukua usukani ulio mzito upande mmoja tu. Hapo pampu haina kesi. Pampu haijui kulia wala kushoto: kazi yake ni kusukuma oili, na anayeigawa oili hiyo ni vali iliyo kwenye shingo ya raki. Ukikata kushoto ukawa mwepesi na kulia ukawa mzito, vali au ringi zake ndizo za kuulizwa. Fundi akisikia maelezo hayo kisha bado akataka kukuuzia pampu, umeshamjua.

Usukani ulio mzito asubuhi, ukalegea baada ya dakika chache za kuendesha, huelekeza pale pale kwenye shingo ya raki. Ringi za tefloni za vali zimelika au zimeichimba nyumba yake, na oili inapita pembeni mpaka joto liibane nafasi. Ugonjwa huu uliwasumbua sana wenye magari ya General Motors ya miaka ya 1980 huko Marekani, ukaitwa ugonjwa wa asubuhi. Hautibiki kwa kuongeza oili.

Ukiambiwa ni mvua, fikiri mkanda. Mkanda uliochoka huteleza ukilowa, na hasa unapoegesha, kwa sababu hapo ndipo pampu inapobeba mzigo mkubwa wakati injini ikizunguka polepole. Ukiambiwa ni wakati wa kuegesha tu, iwe mvua iwe jua, orodha inakuwa ndefu kidogo: upepo wa matairi, mkanda, na kisha pampu yenyewe, ambayo ikichoka huleta presha injini ikikanyagiwa mafuta na kuishiwa nguvu injini ikitulia. Uko pia uzito unaokuja na kuondoka ndani ya mzunguko mmoja wa usukani, mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, kwa mpangilio usiobadilika. Huo ni wa ile krosi inayounganisha fimbo ya usukani na raki, imeshika kutu na inakunjika kwa taabu. Dereva akiwa na mkono mwepesi wa kuhisi atakuwa ameshamaliza nusu ya kazi ya fundi kwa kulieleza hilo tu.

Baada ya maswali huja mikono, na bado spana hazijatoka. Anaanza na matairi. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva husema upepo unaotakiwa, na kwa gari dogo kwa kawaida ni psi 30 na ushee. Tairi la mbele lenye psi 18 hufanya usukani wowote uwe mzito, pampu iwe nzima namna gani. Ataangalia pia upana wa tairi, maana wapo wanaofunga rimu pana na tairi nene kwa ajili ya urembo, kisha wakailaumu Toyota. Ataibana fenibelti kwa kidole gumba, ataigeuza aone tumbo lake: likiwa linang'aa, linateleza, likiwa limelowa oili, kwanza itafutwe oili imetoka wapi.

Kisha jeki. Hapa ndipo watu wawili wanapotengana, fundi na mbadilisha spea. Magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, usukani unatakiwa uzunguke kwa mkono mwanzo hadi mwisho bila kukwama popote. Kama ni mzito hata hapo, uzito ni wa vyuma, oili haihusiki. Fundi atafungua tairodi moja, ashike gurudumu alizungushe peke yake. Likigoma, mgonjwa ni boljointi iliyokauka grisi au ile beringi iliyo juu ya shokapu. Beringi hiyo ina ushahidi wake: mtu mmoja akizungusha usukani huku mwingine ameweka kiganja kwenye springi, springi itasikika ikijibana halafu ikiruka kwa mshituko. Hakuna pampu mpya itakayoponya kitu hicho. Gurudumu likizunguka vizuri baada ya kuachanishwa na raki, basi raki au fimbo ya usukani ndiyo inayokaba.

Na mara nyingi sana raki inakaba kwa sababu mtu aliikaza. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa kosa hili limeenea kuliko watu wanavyodhani. Chini ya raki pana nati kubwa inayobana kipande kinachoisukuma fimbo yenye meno ikutane na meno ya shingo. Gari likizeeka, usukani huanza kucheza, na fundi wa haraka huikaza nati ile mpaka mchezo uishe. Mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Lakini meno ya raki hayaliki sawasawa. Gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja, hivyo meno ya katikati ndiyo yanayolika, na yale ya pembeni hubaki mapya. Ukiikaza nati hadi katikati pabane, pembeni panakaba. Ukikata kona, usukani haurudi wenyewe, inabidi uurudishe kwa mikono. Kwenye kona kali ya mteremko wa Kitonga au ukishuka Mai Mahiu, hilo si jambo la mzaha. Dalili hii, usukani usiorudi baada ya kona, ukiiona imeanza wiki moja baada ya gari kutoka gereji, usitafute mbali.

Fundi mwenye kipimo hupima mchezo kabla ya kushika nati yoyote. Toyota huruhusu ukingo wa usukani ucheze hadi milimita 30 kabla magurudumu hayajaanza kusogea. Kama ni ndani ya hapo, ataacha. Kama umepita, atatafuta kwanza kwenye tairodi endi, kwenye bushi za mpira zinazoishika raki kwenye chesisi, na kwenye krosi, kwa sababu huko ndiko mchezo mwingi unakotoka. Bushi za raki zikifa, raki nzima husogea kulia na kushoto kabla gurudumu halijageuka. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo, mwingine aangalie chini: itaonekana kwa macho.

Sasa masikio. Ukelele mkali unaotoka pale tu unapomaliza kona hadi mwisho, ukakoma ukiachia kidogo, ni mkanda. Mlio wa hewa inayopita, "sss", usukani ukiwa umefika mwisho, ni wa kawaida; vali inapunguza presha isipasue kitu, na fundi anayekutoza hela kwa sababu yake anakuibia. Kuuacha usukani umebanwa mwisho kwa muda mrefu ndiko kunakoua pampu, kwa kuwa oili hupata joto kali haraka. Kugonga, "ko-ko", kwenye barabara mbovu ni kwa vyuma vilivyolegea. Ule mnguno wa kuvuma unaopanda na kushuka pamoja na injini, ukazidi unapokata kona, ndio unaowafanya watu wengi waihukumu pampu kifo. Kabla ya kuihukumu, lifunguliwe kikopo.

Kusoma oili ni elimu kamili. Toyota nyingi za rika hili hutumia oili ile ile ya gia otomatiki, ya daraja la Dexron, nayo ikiwa mpya ina wekundu wa juisi ya rozela iliyochujwa. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imepikwa. Ikimetameta ukiidondoshea kwenye karatasi nyeupe na kuielekeza juani, ni chembe za chuma, na hapo nitakubali pampu iitwe. Ikiwa na povu na imepauka, kuna hewa ndani, na pampu inayomeza hewa hunguruma hata kama ilifungwa jana.

Hewa ina kipimo chake, kipo kwenye vitabu vya Toyota, na sijui kwa nini mafundi wachache hukitumia, maana hakigharimu kitu. Injini ikiwa imewaka na oili imepata joto, tazama oili imefika wapi kwenye kikopo. Zima injini. Oili ikipanda zaidi ya milimita 5, mfumo una hewa. Fundi akikufanyia jaribio hili mbele yako, tulia, umefika kwa mwenyewe.

Hewa ikishajulikana, kazi ni kutafuta mlango wake, na mara nyingi mlango huo hauvuji oili. Hozi inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu haina presha; pampu inaivuta oili kupitia humo. Kwa hiyo klipu iliyolegea au oringi iliyokauka upande huo huingiza hewa ndani bila kutoa tone nje. Fundi anayetafuta mvujo kwa kuangalia sakafu tu hataiona kamwe. Oringi ya bei ya chai imewauzia watu pampu nyingi. Na chini ya kikopo, katika magari mengi, kuna wavu mdogo wa kuchujia. Ukiziba, pampu inakosa oili na inalia vile vile.

Kama oili inavuja kweli, mwangalie anavyotafuta chanzo. Oili hushuka, na upepo wa barabarani huisukuma nyuma, kwa hiyo mahali inapodondokea ni nadra kuwa mahali inapotokea. Fundi wa kweli huosha kwanza, hukausha, wengine hunyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio, kisha hukwambia ukazunguke kidogo urudi. Poda itaonyesha mstari. Atazibonyeza pia buti mbili za mpira kwenye ncha za raki. Buti nzima inatakiwa iwe kavu ndani. Ikiwa nzito na inachezacheza kwa oili, sili ya mwisho wa raki imekwisha, na hilo linahitaji raki ishushwe.

Nitoe na hukumu yangu juu ya dawa za kuzibia mvujo zinazouzwa kwenye vichupa. Hufanya sili zivimbe, na mvujo husimama kwa muda. Muuzaji wa magari huzijua vizuri. Mwenye gari anayetaka kuendelea kulitumia aziache dukani. Kumimina mafuta ya breki kwenye kikopo cha usukani, kwa kuwa "yote ni ya haidroliki", ni kuziua sili zote kwa siku chache. Honda ina oili yake ya usukani, na magari mengi ya Ulaya hutumia oili maalumu ya kijani. Fundi asiyesoma kifuniko cha kikopo kabla ya kumimina asiruhusiwe kumimina.

Sasa nije kwenye ugonjwa ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndio unaowatenganisha wajuzi na wengine wote. Gari linatoa moshi mweupe mzito. Mwenye gari kaambiwa injini imekwisha, ringi za pistoni zibadilishwe, na bei imetajwa. Oili ya injini haipungui kwa kiasi cha kutisha. Kinachopungua ni oili ya usukani, na chini ya gari pamekauka kabisa. Inakwenda wapi?

Baadhi ya Toyota za miaka ya 1980 na 1990 zina vali ndogo kwenye pampu ya usukani, yenye vihozi viwili vyembamba vya mpira. Kazi yake ni kuiongezea injini hewa kidogo unapokata kona ukiwa umesimama, ili isizimike kwa mzigo wa pampu. Kihozi kimoja huenda kwenye manifoldi ya kuvutia hewa. Sili ya ndani ya vali ikikatika, injini huanza kunyonya oili ya usukani kupitia kihozi hicho na kuichoma. Moshi unatoka, kikopo kinapungua, na sakafu ni safi. Kuthibitisha ni kazi ya dakika tano: vuta kihozi, angalia kama ndani kuna wekundu, ziba pande zote mbili, endesha mpaka mabaki yaungue. Moshi ukikata, injini yako imenusurika kufunguliwa bila sababu. Mzee mmoja wa gereji ya Ilala, anayeitwa na kila mtu Babu, humuuliza kila mwenye gari la moshi swali moja kabla ya kuuliza la injini: "Oili ya stelingi unaongeza?" Swali hilo peke yake lina thamani ya ada ya chuo.

Kwa wenye Crown au gari lolote lenye injini ya 1UZ, na Lexus LS400 ni ndugu yao, kuna nyongeza: pampu ikivuja, huidondoshea alteneta iliyo chini yake. Ukibadilishiwa alteneta ya pili ndani ya muda mfupi, mwambie fundi ainue macho juu.

Geji ya presha nimeikuta katika gereji chache, nami humheshimu kila aliye nayo. Hufungwa kati ya pampu na raki, nayo ina koki. Koki ikifungwa, oili haina pa kwenda, na presha inayosomeka ni nguvu ya pampu peke yake. Kwa magari haya hucheza kati ya bar 60 na 80, kutegemea gari. Isifungwe zaidi ya sekunde 10, vinginevyo utaua pampu uliyokuwa unaipima. Halafu koki hufunguliwa na usukani hukatwa hadi mwisho. Presha ikifika pale pale, raki nzima. Ikiwa koki imefungwa inapanda vizuri, na koki ikiwa wazi haifiki, oili inatoroka ndani ya raki. Ikiwa ndogo mara zote mbili, haya, pampu imekufa. Hukumu ile ile ya mwanzo, lakini safari hii imetolewa ushahidi.

Ukishakubali matengenezo, uangalie umaliziaji. Kama raki inashushwa kubadilishwa sili, fimbo yake itolewe na ukucha upitishwe juu yake. Ukucha ukikwama kwenye tundu la kutu, sili mpya itakatwa na chuma kile na mvujo utarudi. Kutu hiyo kwa kawaida imeingia kupitia buti iliyochanika ambayo hakuna aliyejali, na kwa wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja, hewa ya chumvi huharakisha. Hapo raki ya mtumba ni afadhali kuliko sili mpya. Mwenye jicho huichagua kwa kuizungusha shingo yake mwanzo hadi mwisho akisikiliza uzito kama ni ule ule, na kwa kuibonyeza buti kama ni kavu. Rangi na mng'ao wa nje ni kazi ya petroli na brashi, visikushughulishe.

Kabla ya raki kufunguliwa kwenye gari lenye mto wa hewa, usukani ufungwe usizunguke; wengi hutumia mkanda wa kiti. Ukiachwa ukazunguka huru, utepe wa waya ulio ndani yake hukatika. Utajua umekatika kwa honi kunyamaza na taa ya mto wa hewa kuwaka.

Pampu ikibadilishwa, mfumo wote ukoshwe. Chembe za pampu iliyokufa bado zimo kwenye paipu na kwenye kikopo, na zitaila mpya. Hozi ya kurudisha itolewe, ielekezwe kwenye chupa, oili ipitishwe mpaka itoke safi. Washa za shaba kwenye paipu ya presha ziwe mpya. Paipu hiyo isikatwe na kuungwa kwa klipu na mpira wa kawaida, hata kama unasafiri kesho: ikipasuka, oili inarukia ekzosti, na huo ni moto. Mwisho hutolewa hewa, magurudumu yakiwa juu ya jeki na injini imezimwa, usukani ukizungushwa taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa, oili ikiongezwa. Anayewasha injini mara tu baada ya kumimina anaichapa hewa na oili pamoja, kisha atakuambia mlio utaisha wenyewe. Halafu alaimenti, bila mjadala.

Za umeme nitazigusa tu. Usukani wa Vitz au IST ukiwa mzito ghafla, taa yake ikawaka kwenye dashibodi, waya, betri na alteneta vipimwe kabla ya kompyuta yake kulaumiwa, maana mota ile hula umeme mwingi. Na ukikata kona nyingi umesimama pale pale, hupunguza msaada kwa makusudi ili isiungue, ipumzishe, itarudi.

Jambo la fedha, kwa kuwa hapa ndipo sisi wenye magari tunapoharibu kazi hii. Tumezoea kulipa kwa kilichobadilishwa. Fundi akitumia saa mbili kwa maswali, jeki, poda na geji, kisha akakuambia ongeza upepo na badilisha oringi, tunampa ya soda. Yule aliyefunga pampu isiyohitajika anapata ya pampu na ya kazi. Patana bei ya uchunguzi kabla boneti haijafunguliwa, na umlipe yote hata kama hakufungua bolti moja.